Chupa ya Njoki Mkubwa

Siku Njoki Mdogo alipoingia wadi ya watoto kwa miguu yake mwenyewe, Sista Adero alidhani amechanganya watoto.

Alikuwa akimjua tangu mwaka uliotangulia, 1975. Njoki alikuwa msichana wa miaka sita kutoka Dundori, na kila mara alipofikishwa hospitalini mjini Nakuru alikuwa mgongoni mwa nyanya yake, amefungwa shuka, kichwa kimelegea na ulimi una jeraha. Kifafa kilimwangusha mara nne au tano kwa wiki. Aliwahi kuangukia jiko, na kovu lake liko kwenye kiwiko. Aliwahi kuangukia mtaro wa maji ya mvua, akaonekana kwa sababu mbwa alibweka. Na sasa huyu hapa, mwezi wa Aprili, anaruka sakafu ya wadi kwa mguu mmoja na ndizi mkononi. Nyuma yake nyanya alitembea polepole, kichwa juu, kama mtu aliyetoka kushinda kesi.

Nyanya naye aliitwa Njoki. Kwa desturi ya Wakikuyu mjukuu alipewa jina lake, kwa hiyo wauguzi waliwaita Njoki Mkubwa na Njoki Mdogo, ingawa Adero, kwa heshima, alimwita mzee Cucu, yaani nyanya, kama walivyomwita watu wa kwao.

"Cucu, mmemfanya nini huyu mtoto?"

"Si unaona mwenyewe, sista? Tangu Januari ameanguka mara tatu pekee. Mara tatu! Zamani hiyo ilikuwa hesabu ya Jumatatu."

Adero akavuta kiti. Njoki Mkubwa akatia mkono ndani ya kiondo, akatoa chupa iliyowahi kuwa ya dawa ya kikohozi. Ndani mlikuwa na maji ya kijani yaliyokaribia weusi. Adero alipofungua kizibo, harufu ilimpanda puani hadi machozi yakamtoka.

"Ni nini hii?"

"Ni mubangi tu."

Adero alitazama huku na huku, akashusha sauti. "Bangi?"

"Eeh, mubangi," akajibu mzee, naye akashusha sauti, maana aliona sista ameshusha yake.

Adero alizaliwa kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli, baba yake akiwa fundi wa breki za mabehewa. Uuguzi alisomea Kisumu. Ratiba ya treni aliijua kwa kichwa, lakini kiazi alikiona mara ya kwanza kikiwa tayari kwenye gunia. Kiswahili cha wazee wa Dundori alikizoea: wanaongeza kijisilabi hapa, wanapunguza pale. Mubangi, bangi. Hakuona haja ya kuuliza zaidi.

"Na unayo… unayo nyingi?"

"Shamba zima! Ning'oe leo, mvua ikinyesha inarudi. Iko kwa viazi, iko nyuma ya choo, iko kwa jirani."

Adero alisogeza kiti karibu zaidi. Mama wa kanisa, mwenye kitambaa cheupe kichwani, ana shamba zima la bangi! Na jirani yake pia!

"Cucu, tafadhali, usimwambie mtu mwingine."

"Nisimwambie kwa nini? Kila mtu anayo."

"Hata hivyo." Adero akachukua kalamu. "Unampa kiasi gani?"

"Kijiko. Lakini kwanza naonja mimi. Huyu mtoto ni mimi, si ndiyo? Tuna jina moja. Nikionja asubuhi, nikalima mpaka jua likafika kichwani bila kuona mambo mawili-mawili, basi na yeye anakunywa."

"Na vile vidonge vya hospitali?"

"Anameza, anameza."

Adero akaandika: anameza. Kisha akaenda kugonga mlango wa daktari.

Daktari Jasvinder alikuwa binti wa mwenye kiwanda cha mbao hapo mjini. Alizaliwa Nakuru, akaenda ng'ambo kusomea tiba ya watoto, na mwaka wa pili huu alikuwa amerudi nyumbani kwao, mtaa wa Milimani. Kiswahili chake alikipata kwa wapasua mbao wa baba yake, kwa hiyo kilikuwa na nguvu na hakikuwa na adabu nyingi. Alipomweleza habari ya chupa, Adero alitegemea kelele. Badala yake daktari alifunga mlango, akaketi juu ya meza.

"Mara tatu tangu Januari?"

"Mara tatu, Daktari."

"Sikiliza, Sista. Vitabu vya zamani vya dawa vinaitaja. Zamani ilikaa kwenye rafu ya maduka ya dawa pamoja na mafuta ya mbarika. Na mwezi juzi nimesoma kwenye jarida kwamba huko Brazili kuna watu wanaijaribu kwa panya. Wametoa kitu kimoja ndani yake, hakilevyi, lakini panya mwenye degedege anatulia." Akashuka mezani. "Lakini hao ni panya. Mtoto ni kitu kingine. Ubongo wake bado unajengwa. Kiasi gani kinamfaa, kiasi gani kinamharibu, kwa muda gani, pamoja na dawa gani? Hakuna anayejua. Hata mimi."

"Kwa hiyo tumkataze?"

"Tumkataze, aende kumpa kwa siri? Hapana. Tutajua kwanza. Na sikia vizuri: mimi na wewe hatutampa mtoto yeyote hata tone. Tutaangalia, tutaandika, tutapima kilicho ndani ya ile chupa. Na tutafanya kwa ruhusa, si kwa kujificha."

Siku hiyohiyo Adero alinunua daftari lenye jalada jekundu. Akalipiga mistari: tarehe, saa, ameanguka au hajaanguka, amekula nini, amelala vipi. Daktari naye aliandika barua Nairobi kuomba ruhusa ya kupima. Njoki Mkubwa aliombwa arudi kila Alhamisi na aache nusu ya chupa, jambo ambalo lilimpendeza sana. Hakuwahi kuwa mtu ambaye daktari anamsubiri.

Kosa lilikuwa la Adero, na hata miaka mingi baadaye alilisema bila kulipaka rangi. Jumapili moja, baada ya ibada, alimwambia rafiki yake wa kwaya. Alimwambia mmoja tu, tena akamwapisha. "Kuna mtoto katika wadi yetu amepata nafuu kwa bangi, hebu fikiria!" Rafiki naye alimwambia mmoja tu.

Katikati ya mwezi wa Mei gari la maziwa lilisimama mbele ya hospitali. Akashuka mama mmoja kutoka Subukia, jina lake Chepkurui, amekumbatia mtoto wa kiume wa miaka minne. Mtoto alikuwa analala, na tangu jana asubuhi alikuwa analala tu. Ukimfinya anakunja uso, kisha anazama tena.

"Mtoto wangu ana kifafa," alisema. "Nilisikia hapa mnatibu kwa bangi. Nikachemsha. Sikujua niweke ngapi."

Adero alimpokea mtoto, akamlaza ubavu, akamwekea maji ya mshipa, akahesabu pumzi zake kila robo saa. Hakula mchana. Daktari Jasvinder alikuja mara sita. Kuelekea saa kumi alasiri mtoto alifumbua jicho moja, akatazama taa ya dari, akatazama kofia nyeupe ya Adero, akasema kwa Kikalenjin kitu ambacho mama yake alikisikia akaanza kucheka na kulia pamoja.

"Anasema nini?" Adero aliuliza.

"Anauliza kama wewe ni kuku."

Adero alicheka mpaka akalazimika kushika kitanda. Kisha akaenda kwa daktari, akafunga mlango, akasema yote: rafiki, kwaya, kiapo. Alisimama wima akingoja adhabu yake.

"Umekosa," daktari akasema. "Nami nimekosa. Nilisema hatutajificha, halafu nikaacha mambo yanong'onwe. Mama akisikia mnong'ono anachukua sufuria. Tunahitaji jibu la kusema kwa sauti, Sista. Kesho naenda mwenyewe Nairobi kuwafuata na hiyo barua."

Alirudi na karatasi yenye mihuri miwili. Iliruhusu chupa ya Dundori ipimwe, na polisi watoe kiasi kidogo cha bangi iliyokamatwa ili ilinganishwe nayo, mradi afisa awepo tangu mwanzo hadi mwisho. Afisa huyo alikuwa Sajenti Kosgei, mtu mrefu mwenye masharubu yaliyochanwa, ambaye hakupenda utani kazini.

Mpimaji naye alipatikana Milimani, nyumba ya tatu kutoka kwa daktari. Bwana Dilip alikuwa mkemia wa pareto. Kazi yake ya miaka kumi na tano ilikuwa kuloweka maua yaliyokaushwa, kuyakamua, na kusema kama yana nguvu ya kuua wadudu au hayana. "Jani ni jani," alisema alipoombwa. "Leteni."

Jumamosi walikutana maabara, watu wanne. Sajenti Kosgei alitoa bahasha kwenye mfuko wa shati, akaifungua kama mtu anayefungua barua ya kifo, akahesabu majani mbele yao, akaandika, akataka sahihi. Kisha akaketi na kofia magotini, macho kwenye meza.

Bwana Dilip aliweka neli mbili za kioo kwenye kishikio. Katika moja alitia maji ya bangi ya polisi, katika nyingine maji ya chupa ya Njoki Mkubwa.

"Sasa natia dawa yangu," alisema. "Bangi ikiwamo, rangi itageuka zambarau. Tazameni."

Akatia na kutikisa, wakangoja. Neli ya polisi ilianza kama chai hafifu, ikapita buluu, ikatua kwenye zambarau safi kama maua ya mjakaranda. Hata Kosgei alisogea mbele. Neli ya Dundori ilibaki kijani.

"Labda ni kidogo mno," alisema daktari.

Bwana Dilip akaongeza, ikawa kijani zaidi. Akafungua chupa nyingine ya wiki iliyopita, na ile ya kabla ya hiyo. Zote kijani. Alichukua neli, akainusa kwa mbali, akakunja uso.

"Daktari, mimi nanusa majani kila siku ya Mungu. Sijui hili ni nini, lakini bangi si hili."

Daktari Jasvinder alikuwa amekunja mikono, na Adero aliona shingo yake imebadilika rangi. Ni Sajenti Kosgei aliyesema:

"Kwa karatasi yangu, huyo mama alisema ana shamba zima. Twende tukaone shamba."

Walikwenda kwa Landrova ya polisi siku iliyofuata, baada ya kanisa. Barabara ya Dundori ilikuwa imelowa, ukungu umekaa kwenye miti, na kila kona wanawake waliobeba maziwa walisimama kutazama ni nani amekamatwa. Njoki Mkubwa aliwapokea mlangoni akiwa na kitambaa chake cheupe. Hakuonyesha woga hata kidogo. Alimwangalia sajenti juu mpaka chini.

"Karibu, baba. Umekuja kwa dawa?"

"Nimekuja kuona hiyo bangi yako, mama."

"Njoo."

Akaongoza njia kwenye viazi, viatu vya mpira vikinyonya matope. Njoki Mdogo alitangulia mbio. Walipofika katikati ya shamba, mzee alinyoosha mkono kama mwenye nyumba anayeonyesha vyumba. "Hii hapa. Na hii. Na ile pale. Kule chini ndiyo nyingi kabisa."

Sajenti Kosgei aliinama. Alichuma tawi, akalisugua kati ya vidole, akalinusa. Masharubu yakaanza kucheza. Alijaribu kujizuia, heshima ya sare ikapigana kwa muda mfupi, halafu akaangua kicheko kikubwa mpaka kofia ikaanguka kwenye viazi.

"Mama! Hii ndiyo bangi?"

"Mubangi," Njoki Mkubwa akamsahihisha.

"Hii tumeing'oa kwa mahindi ya baba yangu mpaka mgongo ukapinda! Ni magugu! Sista, haya ni magugu, yale ya kunuka. Kama nitamfunga huyu mama, nitafunga kila mkulima kutoka hapa mpaka Eldoret."

"Lakini," Adero alisema, na sauti yake mwenyewe aliisikia kama ya mtu mwingine, "Cucu, si nilikuuliza kama ni bangi ukasema ndiyo?"

"Uliuliza kama ni mubangi. Kwani hii inaitwaje?" Mzee aliwatazama mmoja mmoja, kisha kitu kikamfungukia. Akaziba mdomo kwa kiganja. "Ngai! Mlifikiri nampa mtoto ile ya kuvuta? Ile ya wezi?"

Akaketi palepale kwenye tuta. Mabega yakaanza kutikisika, na Adero alidhani analia mpaka alipoona meno. Daktari Jasvinder, ambaye viatu vyake vya mjini havikuwa na tumaini tena, aliketi karibu naye, wakacheka wakishikana mikono kama wasichana wa shule.

"Na kwa nini ulimpa magugu?" aliuliza daktari alipoweza kusema.

"Kuku akilalia mayai, tunaweka mubangi chini yake, viroboto wanakimbia. Nikasema, kama viroboto wanakimbia, hiki kinachomshika mtoto wangu kwa nini kisikimbie?"

Waliingia jikoni kunywa chai.

Adero peke yake hakuwa ametulia. Mtoto alikuwa amepona kiasi hicho, hilo halikuwa mnong'ono. Daftari jekundu lilisema. Kama si bangi, ni nini? Alikaa kwenye kigoda, kikombe mkononi, akazungusha macho. Kwenye rafu juu ya jiko aliona makopo mawili ya kahawa bila vifuniko. Moja lilikuwa limejaa maharagwe mekundu, jingine lilikuwa nusu.

"Cucu, haya ya kupika?"

"Hapana! Usiguse hayo. Hiyo ndiyo saa yangu." Mzee akashusha makopo kwa uangalifu. "Kusoma sijui. Asubuhi nikimpa mtoto kidonge, natoa haragwe hapa, naweka hapa. Jioni vilevile. Nikilala nikijiuliza nimempa au sikumpa, nahesabu."

"Vidonge vya hospitali?"

"Vipi vingine? Mubangi ni chungu mno, sista. Huwezi kumpa mtoto uchungu mtupu. Nikaona, nimpe na kile kidonge chenu cha kuusindikiza."

Adero akaweka kikombe chini. "Na kabla ya Januari, vidonge alikuwa anapewa na nani?"

"Mama yake. Lakini yeye alimpa siku akianguka. Asipoanguka, anaviweka, ati visiishe. Januari amepata kazi Naivasha, mtoto nikabaki naye mimi."

Daktari Jasvinder alikuwa amesimamisha kikombe katikati ya safari ya mdomoni. Yeye na Adero walitazamana. Mwaka mzima hospitali ilimpa mtoto huyu dawa, na mwaka mzima hakuna aliyeuliza inamezwa vipi. Siku ile ya kwanza, kabla hata ya kununua daftari jekundu, Adero aliandika neno moja, anameza, akaendelea mbele kwa sababu bangi ilikuwa na mvuto zaidi.

"Sista," alisema daktari kwa upole, "jarida la madaktari lina ripoti yangu tangu Jumatatu. Kurasa nane."

"Kuhusu…?"

"Kuhusu bangi ya Dundori."

Sajenti Kosgei alikohoa kwenye chai yake.

Jumatatu asubuhi Adero alimsindikiza daktari posta kupiga simu ya kuirudisha ripoti ile. Ilirudi baada ya wiki mbili haijafunguliwa, na daktari akasema hiyo ndiyo mara ya kwanza katika maisha yake kumshukuru mhariri kwa uvivu.

Lakini hawakuishia hapo. Adero hakutaka kukosea mara ya pili kwa upande mwingine. Huenda ni vidonge, alisema, lakini huenda yale magugu nayo yana kitu. Basi walimwomba Njoki Mkubwa aache chupa kwa miezi mitatu, vidonge viendelee, maharagwe yaendelee. Mzee alikubali kwa sharti moja: akiona mtoto anarudi nyuma, anaamua mwenyewe. Juni Njoki Mdogo alianguka mara moja. Julai hakuanguka. Agosti alianguka mara moja, siku aliyokuwa na homa. Kuku wakarudishiwa mubangi wao.

Mwezi wa Septemba kliniki ya Alhamisi ilianzishwa, kwenye kibanda cha mabati nyuma ya wadi. Akina mama walikuja na watoto wao wenye kifafa, na Njoki Mkubwa aliketi mbele na makopo yake mawili. Aliwafundisha asubuhi haragwe, jioni haragwe, hata akiwa mzima, hasa akiwa mzima. Wengine walitumia mahindi, mmoja vifungo vya shati. Chepkurui alikuwa wa kwanza kila wiki. Mwanawe hakupona kama Njoki Mdogo. Watoto wengine ni hivyo, vidonge vinamsaidia huyu zaidi ya yule. Lakini kutoka kuanguka kila siku alifika kuanguka mara mbili kwa wiki, na alikuwa amejifunza kumwita Adero "kuku" mbele ya watu.

Ni kwa ajili ya mtoto huyo daktari hakuitupa ile karatasi yenye mihuri miwili. Aliandika Nairobi tena, safari hii kwa chuo kikuu, barua ya ukurasa mmoja, na Adero aliisoma kabla haijatiwa stempu. Ilisema hivi: kuna watoto ambao vidonge tulivyo navyo havitoshi. Huenda ndani ya bangi mna kitu cha kuwasaidia. Sisi hatujui, na tumeona kwa macho yetu hatari ya kujifanya tunajua. Utafiti uanzie kwenye neli za kioo, kisha kwa wanyama, kisha kwa watu wazima waliokubali, na mtoto awe wa mwisho kabisa. Kabla ya yote hayo, mtafiti ahakikishe majani aliyonayo ni yale anayodhani.

"Hili la mwisho unaliacha humo?" Adero aliuliza.

"Hilo ndilo tumelilipia kwa viatu vyangu."

Jibu lilikuja kabla ya Krismasi. Chuo kikuu kilishukuru, kikasema suala ni zito, fedha hazipo, na daktari atume nakala ya daftari jekundu, hasa maelezo ya makopo. Daktari alicheka, akamwambia Adero wataandika tena mwaka ujao, na mwaka unaofuata. Waliandika kweli. Mwanafunzi mmoja wa Bwana Dilip alikuja kufanya kazi ya kutenganisha mafuta ya mmea ule, chini ya ulinzi wa Sajenti Kosgei, ambaye kufikia wakati huo alikuwa anajua kushika neli vizuri kuliko wanafunzi.

Januari ya 1977 Njoki Mdogo alianza darasa la kwanza. Mwalimu mkuu aliogopa kumpokea, akisema watoto wengine wataambukizwa. Adero alichukua siku ya mapumziko, akapanda kwenda Dundori akiwa na sare yake yote, akasimama mbele ya shule nzima. Alilala chini kwenye nyasi, kofia na yote, akajifanya ameanguka, akawafundisha: mlaze ubavu, ondoa mawe karibu na kichwa, usimtie kijiko mdomoni, usimshike kwa nguvu, ngoja. Kifafa hakiambukizi. Kisha akawataka wajaribu mmoja mmoja. Watoto waligombania zamu ya kuanguka.

Mwezi wa Machi mwalimu wa darasa alituma barua hospitalini, mistari minne kwa penseli. Njoki alianguka Jumanne wakati wa hesabu. Walimlaza ubavu, wakaondoa dawati, wakangoja, na darasa likaendelea na kujumlisha kwa sauti ya chini. Alipoamka aliuliza kama mapumziko yamepita. Yalikuwa bado.